Dawa ya bibi: aliichemsha au aliiloweka? Uzi wa wanaofuatilia mitishamba ya Mtwara na Lindi

Mjukuu wa Kitangari

Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimezaliwa Newala, nikalelewa Kitangari na bibi mzaa mama, na sasa nasomea shahada ya uzamili kwenye kemia ya mimea. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani nakusanya sampuli. Nimepita Newala na Masasi, na juzi nilivuka kwenda Rondo upande wa Lindi. Humu jukwaani kila baada ya siku chache mtu anafungua uzi: mti fulani unatibu sukari, majani fulani yanamaliza presha. Watu wanataja mti, wengine wanaomba namba ya muuzaji, uzi unaishia hapo. Nimefungua huu kwa sababu ya jambo moja lililonikaa moyoni. Jina la mti ni nusu tu ya dawa. Nusu ya pili ni namna ilivyoandaliwa, na hiyo ndiyo tunayoizika kila tunapomzika mzee bila kumuuliza.

Nieleze kosa langu. Mwaka jana nilichukua gome ambalo bibi huoshea vidonda. Nikalianika kivulini, nikalisaga, nikalipeleka maabara na kulichemsha saa mbili, kisha nikapima kama maji yake yanazuia bakteria kwenye sahani. Hayakuzuia chochote. Nikaandika kwenye daftari "halina kitu" nikaendelea na mti mwingine. Niliporudi likizo nikamsimulia bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Nani alikwambia linachemshwa?"

Kumbe bibi hulitwanga likiwa bichi, akalitia kwenye maji ya mtungi jioni, akalikamua alfajiri. Moto hauligusi kabisa. Nimeishi na yule mama miaka kumi na nne, nimetumwa kuchimba mizizi sijui mara ngapi, na sikuwahi kukaa naye hadi alfajiri kuona anachofanya. Nilirudia jaribio kwa maji baridi na gome bichi. Safari hii bakteria walizuilika, ingawa kwa kiasi kikubwa cha dawa, kwa hiyo bado si jambo la kutangazia watu. Lakini lile neno "halina kitu" lilikuwa uongo, na aliyeuandika ni mimi.

Jambo hili lina mfano mkubwa duniani. Tu Youyou wa China alikabidhiwa mwaka 1969 kazi ya kutafuta dawa ya malaria kwenye tiba za kale za kwao. Mmea mmoja, Artemisia annua, ulimsumbua: matokeo ya leo hayafanani na ya jana. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akakuta maelekezo kwamba konzi moja ya mmea iloweshwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna neno la kuchemsha. Tu akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akaanza kukamua kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi. Mwaka 1971 dawa iliyopatikana kwa njia hiyo ikafuta vimelea kwa panya na nyani wa majaribio, mwaka 1972 kiini chenyewe kikatengwa, artemisinini, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobeli. Kilichomfungulia mlango kilikuwa sentensi moja ya mtu aliyeandika jinsi ya kuandaa.

Wazee wetu hawakuandika. Kwao sentensi hiyo imo mikononi na mdomoni tu.

Kwa lugha ya maabara, bibi anapochagua maji baridi, maji ya moto, uji, tui la nazi au mafuta ya ufuta, anachagua kiyeyusho, yaani kimiminika kinachotoa viini kwenye mmea. Maji hubeba tanini, saponini na vitu vingine vinavyopenda maji. Vitu vyenye asili ya mafuta hubaki kwenye makapi. Mzizi uliokaangwa kwenye mafuta ya ufuta na mzizi ule ule uliochemshwa ni dawa mbili tofauti, hata kama jina ni moja. Mtafiti akija na methanoli yake, spiriti ya maabara, akakamua kila kitu, anaweza kupata matokeo mazuri ya kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukinywa.

Karibuni mchangie. Nitakaa na uzi huu.

Nesi wa Zamu

Mimi ni muuguzi, mkoa wa Lindi, wodi ya watoto. Nimesoma yote na nakubaliana na wewe mdogo wangu, ila usituachie upande mmoja. Msimu wa mvua wa mwaka huu tulimpokea mtoto wa miaka mitatu siku ya nne ya homa, degedege limeshaanza. Alikuwa amenyweshwa dawa ya mizizi tangu siku ya kwanza. Mama alikataa kusema amempa nini kwa sababu aliogopa kufokewa. Tulifanya kazi usiku kucha bila kujua ini lake limebeba nini. Mtoto alipona. Wengine hawaponi.

Wapo wenzetu wanaofoka, nakiri. Lakini wanaosoma hapa, mkimleta mtoto semeni alichokunywa, na ikiwezekana leteni kipande. Hatukichukui ili tuwacheke.

Mjukuu wa Kitangari

Dada, nimekuelewa na asante sana. Homa ya mtoto ni kipimo cha malaria kwanza, siku hiyo hiyo. Tena niongeze: dawa mseto anayopewa mtoto huyo, ile ya artemetha na lumefantrini, sehemu yake ya artemetha imetokana na artemisinini niliyoisema juu. Kwa hiyo mama anayemkimbiza mtoto zahanati hajaikimbia mitishamba. Amekwenda kuchukua mtishamba uliopimwa, ambao kila kidonge kina kiasi kinachojulikana. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani ya artemisia, kwa sababu kiasi cha kiini hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na dozi ndogo humwacha mgonjwa na vimelea hai huku ikiwafundisha vimelea hao usugu.

Mbangua Korosho

Mimi nabangua korosho hapa Mtwara tangu msichana. Nina swali. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole mpaka ngozi inabanduka, ndiyo maana tunapaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza. Lakini marehemu mama alikuwa anachukua mafuta hayo hayo kidogo sana anadondoshea chunjua, na baba alipaka magaga. Hii ni dawa au ni sumu?

Mjukuu wa Kitangari

Mama shikamoo. Swali lako ni zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na jibu liko mikononi mwako tangu usichana.

Kinachounguza zaidi kwenye ganda bichi ni asidi anakadiki na kardoli. Asidi anakadiki ukiichora kwenye karatasi utaona ni asidi salisiliki, ndugu wa karibu wa aspirini, iliyoongezewa mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia huo unapenda mafuta, kwa hiyo unapenya kwenye utando wa seli. Ndiyo maana inaingia ngozini haraka, na ndiyo maana maabara nyingi zimeona inaua aina kadhaa za bakteria. Asidi salisiliki yenyewe inauzwa duka la dawa kwa ajili ya chunjua na ngozi ngumu ya kisigino. Marehemu mama hakubahatisha.

Sasa angalia moto unafanya nini. Ganda likipata joto kali, asidi anakadiki hupoteza kaboni dayoksaidi na kuwa kardanoli, kitu kingine kabisa. Mafuta ya ganda bichi na mafuta ya ganda lililochomwa si kitu kimoja. Tumerudi pale pale pa bibi: iliguswa na moto au haikuguswa?

Ni dawa au ni sumu? Kwa ngozi nzima ya kidole chako ni sumu, inaunguza. Tone moja juu ya chunjua linaweza kuunguza chunjua, na pia nyama nzuri iliyo pembeni. Usimpake mtoto, usipake usoni, na vifuko vya mikono ukivipata vivae. Miti kadhaa ya jamii hii ina ukali wa namna hii. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wa embe bichi huwatoa watu wengine vipele mdomoni kwa sababu inayofanana.

Sukari Nachingwea

Mkuu asante kwa elimu. Mimi sukari yangu asubuhi inasoma 14. Natumia metformini lakini nimechoka. Kuna yale maua ya pinki na meupe yanayoota makaburini na mbele ya nyumba, nimeambiwa nichemshe majani ninywe asubuhi na jioni. Inasaidia?

Mjukuu wa Kitangari

Kaka, nakuomba usinywe. Nakuomba kweli.

Ua unalosema, kama ndilo ninalolidhani, ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Limesifika kwa sukari nchi nyingi, mpaka Jamaika. Miaka ya 1950 majani yake yalifika Kanada kutoka Jamaika, kwa watafiti Robert Noble na Charles Beer. Walitarajia sukari ya panya ishuke. Haikushuka kama walivyotarajia, ila waliona chembe nyeupe za damu zimepungua vibaya. Badala ya kuyatupa majani, wakauliza kwa nini. Mwaka 1958 wakatangaza alkaloidi (aina ya kemikali kali ya mimea) waliyoitenga, vinblastini, na baadaye ndugu yake, vinkristini, ikapatikana. Zote mbili huizuia seli kugawanyika. Ndiyo maana mpaka leo vinkristini ni moja ya dawa kuu za watoto wenye saratani ya damu.

Sasa jiweke hapo. Unapochemsha majani hayo unakunywa dawa za saratani kwa kiasi usichokijua, pamoja na alkaloidi nyingine nyingi zilizomo. Wodini vinkristini hupimwa kwa miligramu, inaingia kwa mshipa, na daktari anahesabu chembe za damu. Jikoni hakuna anayehesabu.

Metformini ambayo imekuchosha nayo ina babu wa porini. Kemia yake imetoka kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa huko zamani kwa dalili za sukari. Mmea wenyewe ulikuwa mkali mno, kiini kikabadilishwa maabara mpaka kikawa salama. Rudi kliniki, sema 14 haishuki. Inawezekana dozi haitoshi, inawezekana unahitaji dawa ya pili. Hilo linasemeka kwa heshima na hakuna ubaya wowote.

Sukari Nachingwea

Nimekusikia mkuu. Jumanne ni siku ya kliniki, nitakwenda.

Mwana Rondo

Nimekaa kimya nasoma. Mimi baba yangu ni mganga wa mitishamba, mtu wa dini, hana mambo ya kupiga ramli. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu na gari, wakasema ni watafiti. Mzee akawatembeza porini siku mbili, akawaonyesha kila kitu, akawapa hadi jinsi ya kuchanganya. Wakajaza magunia ya magome. Hawakurudi, hawakupiga simu, hatujui walichopata. Mti mmoja waliubandua gome mzunguko mzima ukafa. Baba alikaa mwezi mzima hazungumzii jambo hilo. Sasa kijana unapotuambia tuwaeleze watafiti na siri ya kuandaa, unatuambia tuwape na nusu iliyobaki. Tukupe kwa amana gani?

Mjukuu wa Kitangari

Nimekisoma hiki mara tatu kabla ya kuandika.

Huna kosa, na mzee wako hana kosa. Aliyevunja amana ni yule aliyeondoka na magunia. Hili si la Rondo tu. Kule kusini mwa Afrika, watu wa jamii ya Wasani walikuwa wakitafuna mmea uitwao Hoodia safari za kuwinda ili njaa isiwaume. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikakata hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya kiini chake miaka ya 1990 bila kuwauliza. Ilichukua kelele nyingi hadi mwaka 2003 mkataba wa kugawana mapato ukasainiwa nao. Walichelewa, lakini ilidhihirika kwamba mwenye maarifa anaweza kudai haki yake.

Anayekuja na gari leo muulizeni kibali cha utafiti, kile cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mwambieni maelezo ya mzee yaandikwe, asome au asomewe, na nakala moja ibaki nyumbani kwake. Matokeo yarudi, hata yakiwa mabaya. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili waganga. Mzee aliyesajiliwa anasimama na mtafiti wakiwa sawa zaidi kuliko aliyejificha.

Mimi kwenye uzi huu sijataja jina la gome la bibi, na sitalitaja. Hajaniruhusu. Kwenye daftari langu ukurasa wake una jina lake, na amesema akifa haki hiyo iende kwa mama yangu mdogo, siyo kwangu, kwa sababu yeye ndiye anayemsaidia kuchimba.

Kuhusu ule mti uliokufa: bibi hubandua gome upande wa mashariki na wa magharibi tu, kipande cha kiganja, na hunuizia kabla ya kukata. Nilidhani ni imani. Nikaja kusoma kwamba chakula cha mti hushuka kwenye gome, ukilikata duara zima mizizi inakufa njaa. Mashariki na magharibi maana yake kaskazini na kusini imebaki nzima, mti unaishi. Rondo ina mimea isiyoota popote pengine duniani. Kule kosa la panga moja halina marekebisho.

Mwana Rondo

Nitamsomea mzee hii jioni.

Mstaafu wa Masasi

Vijana, nichangie kidogo. Hapa Masasi tumechanganyika Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua. Nimeona kwa macho yangu miti miwili ikiitwa jina moja, na mti mmoja ukiwa na majina manne. Mke wangu aliwahi kuletewa mizizi ya tumbo kutoka kijiji cha pili, jina lile lile tulilolizoea, akatapika siku nzima. Ulikuwa mti mwingine.

Mjukuu wa Kitangari

Mzee wangu shikamoo. Pole kwa mama. Umegusa jambo lililowahi kuharibu figo za wanawake zaidi ya mia moja Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki ya kupunguza unene iliwapa mchanganyiko uliokuwa na mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Ulioingia ni Aristolochia fangchi, kwa sababu majina yake ya Kichina yanakaribiana. Aristolochia ina asidi aristolochiki, inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Chanzo ni majina mawili yanayofanana.

Hata porini kwetu upo Securidaca longipedunculata, maua yake ya zambarau yanapendeza, mzizi wake ukiuvunja unanuka kama dawa ya kuchua. Harufu hiyo ni methili salisileti, jamaa wa ile ya korosho na ya aspirini. Waganga wengi Afrika wanautumia kwa kichwa na maumivu. Lakini mzizi huo huo una sumu kali, na umeshaua watu. Ukikosea mti, au ukikosea kiasi, hakuna atakayejua kwa harufu.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtafiti si kusaga. Ni kukausha tawi lenye ua au tunda, kulibandika kwenye karatasi na kuandika mahali, tarehe, jina la kienyeji na lugha yake, halafu kulipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu alitambue. Yanayofuata yote, kuloweka, kuchuja, kutenganisha viini kwenye mrija uliojazwa unga wa silika, kupima sumu kwa uduvi wadogo wa maji ya chumvi, hayana maana kama tawi hilo halipo. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake pale Dar walipochunguza mimea ya jenasi (kundi la mimea ndugu) Uvaria na kupata viini vilivyozuia kimelea cha malaria maabara, mtu mwingine popote anaweza kurudia kazi yao kwa sababu jina la mmea halina utata.

Na bado kuzuia kimelea kwenye sahani si kumponya mtu. Hata dawa ya kufulia inaua bakteria kwenye sahani.

Nesi wa Zamu

Hiyo sentensi ya mwisho naomba ruhusa niibandike wodini.

Mjukuu wa Kitangari

Ibandike dada.

Mwana Rondo

Nimemsomea mzee. Aliposikia ya mashariki na magharibi akacheka, akasema bibi yako amefundwa vizuri. Amekubali uje, lakini uje peke yako, bila gari, na ulale hapa ili umwone alfajiri. Ameuliza hilo tawi unalikaushaje. Tuna magazeti ya zamani tu nyumbani.

Mjukuu wa Kitangari

Mfikishie shikamoo yangu. Nitakuja Ijumaa kwa basi, nitashukia barabarani halafu nitatembea.

Magazeti ndiyo yanayotakiwa. Lalaza tawi kati ya kurasa, majani mengine yaangalie juu na mengine chini, weka ubao juu na jiwe zito juu ya ubao. Kila siku badilisha gazeti, la jana lina unyevu na likibaki tawi litaota ukungu. Usilianike juani, rangi itapotea. Kama mti hauna ua wala tunda sasa hivi, usikate. Funga kitambaa chekundu kwenye shina ili tuutambue, tutarudi ukichanua.